Pua Yangu Ilifunguka Trieste

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha kuonjea kahawa pale Kasese, magharibi mwa Uganda, Mwonjaji Mkuu alinipa kijiko, akanisogezea kikombe, kisha akaniwekea ndoo miguuni. "Vuta kwa nguvu mpaka walio nje wasikie," alisema. "Ukimaliza, tema. Hapa hatunywi. Mwenye kiu aende kwao." Mimi nilikuwa nimetoka ghalani Bwera, mpakani na Kongo, kazi yangu kuchagua buni, na nyumbani tulilelewa kwamba kutema mbele ya mkubwa ni kukosa adabu. Nikameza. Vikombe kumi na viwili vyote nilimeza, na sikupata hata lepe la usingizi.

Nyinyi vijana mnaosikia kwamba mtu analipwa mshahara kwa kuonja, msicheke. Kazi ilikuwa hivi. Katika kila loti, yaani fungu la magunia ya kijiji kimoja, tulichukua buni kidogo, tukaikaanga bila kuiunguza, tukaisaga, tukaimwagia maji ya moto na kusubiri. Kisha pua kwanza, ulimi baadaye. Unatafuta kasoro: udongo wa aliyeanika chini, moshi wa aliyeanika jikoni, uchachu wa aliyechelewa kuanika. Kahawa ni mmbea. Chochote kilichokaa karibu nayo, itakwenda kukisema mbele ya watu. Mwonjaji Mkuu alitukataza marashi, vitunguu, hata sabuni ya maua. Alipostaafu nilipelekwa Bwera kuanzisha meza ndogo ya kuonjea karibu na wakulima, na hapo nikawa mwonjaji peke yangu.

Katikati ya miaka ya 2010, barua ikaja kutoka Trieste, mji wa bandari kule Italia. Mnunuzi wetu mkubwa alisema loti moja ya Bwera ina harufu asiyoijua. Tusipomweleza imetoka wapi, hatachukua tena kahawa ya Bwera. Sahihi iliyopitisha loti hiyo ilikuwa yangu. Tulikuwa tumebakiza sampuli yake, nikaionja tena mara tatu, nikaiona safi kabisa.

Bwana Meneja wa ushirika wetu, mtu mpole lakini mwoga wa barua, alikuwa na jibu tayari. "Hiyo ni meli, Mama Masika. Kahawa imekaa baharini, imeshika harufu. Tutaenda tuwaambie ni meli." Tuliomba viza wawili, nikapata mimi tu. Wakulima walikuwa wamejenga vichanja vya kuanikia kwa sababu mimi niliwaahidi soko. Soko likifungwa, wangerudi kuanika chini na kuwauzia walanguzi, na mimi ningewatazama vipi kanisani?

Baba Masika, mume wangu, alinisindikiza hadi kwenye basi. "Wewe Kampala tu unapotea," alisema. "Kule Ulaya iko mutu ya kukuonyesha njia?"

"Iko treni," nikamjibu. "Treni haipotei."

Alicheka mpaka basi likaondoka.

Bwana Meneja alinipangia nipite Roma, Florensi na Bolonya, niache sampuli kwa wakaangaji wadogo, ndipo nimalizie Trieste. Yote kwa treni, peke yangu. Kasese reli tunayo, lakini miaka hiyo walioitumia walikuwa mbuzi. Basi nilipoingia stesheni ya Roma na kuona treni zimepangana, kila moja na saa yake, nilisimama nikacheka peke yangu. Nikaagiza kahawa kwenye kibaa cha stesheni, nikaivuta kama nilivyofundishwa. Baa nzima ikageuka kuniangalia. Kutema nilijizuia, nashukuru Mungu.

Kwenye treni ya Florensi, mama mmoja alikaa kando yangu, akatabasamu, akanusanusa, akachukua mkoba wake akahama. Nikadhani anataka dirisha. Kutoka Florensi kwenda Bolonya nikaingia matatani: mkaguzi alitazama tiketi yangu, akaniambia kwa Kiingereza cha polepole kwamba nilipaswa kuigonga mhuri mwenyewe kwenye mashine pale stesheni kabla ya kupanda. Nikamwambia, "Baba, kwetu abiria hagusi mashine ya serikali." Alinitazama, akacheka, akaandika saa kwa kalamu yake na kunirudishia.

Bolonya nilikaa kwa masista siku tatu. Sista mmoja alichukua nguo zangu zote, hata kitambaa cha kichwa, akazifua bila kuniuliza. Mvua ilinyesha, nami nikazunguka mji chini ya vibaraza vyao virefu bila kulowa. Jamani, nilifurahi. Tangu nizaliwe sikuwahi kuwa peke yangu hata siku moja. Hakuna aliyeniita, hakuna sufuria iliyoningoja. Nikapanda treni nyingine na tofaa mkononi, miji ikapita dirishani, nikala taratibu mpaka mbegu. Venisi nilikuwa na saa moja ya kubadilisha treni. Nikatoka nje ya stesheni, nikakuta maji mahali pa barabara, na mtu anashusha magunia ya viazi kutoka kwenye mashua kama ni jambo la kawaida.

Mnunuzi wa Trieste alikuwa mzee mwenye miwani minene. Meza yake ilikuwa kama ya kwetu: kijiko, vikombe, ndoo. Alipanga vikombe vitano bila majina, akanipa kijiko. Cha kwanza kizuri, cha pili kizuri, cha tatu nikakitambua, cha milima ya kwetu, nikafurahi. Nikainama kwenye cha nne, nikanusa nyumbani kwangu.

Si Bwera, nasema nyumbani kwangu. Baba Masika alikuwa mfanyabiashara wa samaki wa chumvi kutoka Ziwa Edward, akiwauzia Wakongo sokoni, na mizigo yake ililala katika chumba chetu cha pembeni. Msimu ule wa mvua, paa la ghala lilipovuja, mimi kwa huruma yangu nililaza loti ile humo humo wiki mbili. Nilikuwa nimeishi na harufu ile tangu niolewe, pua ilishaacha kunitajia. Ilikuwa kwenye nguo zangu na nywele zangu. Nikamkumbuka yule mama wa treni. Nyani haoni kundule, nami ilibidi nipande treni zote zile na kufuliwa na masista ndipo ninuse kwangu.

Mzee alikuwa ananitazama. "Ni meli?" akauliza.

Neno lilikuwa tayari limewekwa mbele yangu, kulichukua tu. Harufu ya samaki na bandari, nani angebisha? Lakini nilijua nikisema meli, loti nyingine ingelala chumba kile kile.

"Si meli," nikasema. "Ni mume wangu."

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani na kucheka hadi machozi. "Tangu nianze kazi hii, kila kosa ni la meli," alisema. "Hii moja siitaki. Nyingine zote nitazichukua, lakini zipite kwenye pua yako."

Nilirudi Bwera nikawaambia wakulima kwenye mkutano, bila kuficha. Walicheka, wakapiga makofi, na tangu siku hiyo mume wangu anaitwa Meli. Ukifika pale mpakani uliza kwa Meli, mwenye boda yeyote atakupeleka. Mume wangu mwenyewe hakucheka. "Sasa samaki yangu inakatazwa kulala kwangu?" alinung'unika, lakini akapanga kibanda sokoni, akahamisha mizigo yote. Miaka yote iliyobaki ya kazi yangu hakurudisha hata mmoja.

Kwa nyinyi mtakaopewa kazi ya kupima vitu vya wengine, neno langu ni moja: tokeni kwenu kwanza, hata kwa siku chache, mrudi mnuse. Wakubwa wangu walinifundisha mengi, hilo hawakunifundisha.

Siku niliyostaafu, nilimkabidhi mwonjaji mpya kijiko, nikapanda boda hadi nyumbani. Baba Masika alikuwa amekaa barazani. Nikamwambia, "Meli, lete samaki wako ndani."

Alileta mizigo jioni ile ile. Nyumba nzima ilinuka, tukala tukicheka. Kufikia Jumapili sikunusa kitu.