Dereva Aliyeogopa Mizani

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi ya ushauri nasaha nilikuwa nikiishi Njombe, na kila Jumatano nilikwenda Makambako, kwenye zahanati iliyonipa chumba nyuma ya maabara. Hapo alikuja dereva wa lori la mbao, mhamiaji kutoka Singida, umri wa baba yangu, na bahasha ya vipimo mkononi. Vyote vilisema moyo wake ni mzima.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wamenileta kwako kwa sababu wamenichoka."

Alikuwa hajaendesha kwa miezi mitatu. Akishika usukani tu, moyo ulidunda, mikono ikafa ganzi, akaona anakufa. Siku hizi alishinda amelala. Kula mpaka binti yake ambembeleze, na msikitini hakwenda tena.

Nilianza na maswali niliyofundishwa chuoni. Alijibu ndiyo, hapana, ndiyo. Katikati nikaweka karatasi chini, maana kuna jambo lilikuwa linanisumbua.

"Baba, mara ya kwanza ilikukuta wapi? Barabarani, namaanisha."

Akanitazama. "Hilo hawajaniuliza." Akafikiri. "Mizani, pale wanapopima malori. Narudi kutoka Tunduma."

Nilitegemea kusikia mteremko mkali, au ajali. "Pale mizani kuna nini?"

"Foleni tu."

"Kwenye foleni huwa unafanya nini?"

Akaikunja bahasha ya vipimo mara mbili. "Nampigia mke wangu. Miaka yote, nikifika pale nampigia anibandikie maji ya kuoga." Safari hiyo mkewe alifariki ghafla, akazikwa siku hiyohiyo, yeye akiwa amekwama mpakani Tunduma na mzigo.

Sikumwambia asiogope. Nilimwomba anipeleke kwenye lori.

Jumatano iliyofuata tulikaa ndani, limezimwa, uani kwa tajiri wake, mwenye lori. Sketi yangu ilinipa shida kupanda.

"Sasa hofu imefika wapi?" nikauliza.

"Kifuani. Inapanda."

"Tusiikimbie. Tuitazame inakokwenda."

Tulikaa. Jasho likamtoka na baridi yote ile. Baada ya muda akasema, kwa mshangao, "Imeshuka tumboni." Nami nilishangaa vilevile. Nilikuwa nimesoma kwamba hofu hupanda kisha hushuka, ila sikuwahi kuketi kando yake ikifanya hivyo.

Wiki iliyofuata aliwasha injini. Ya nne tulikwenda mizani, lori likiwa tupu. Kwenye foleni mkono wake ukaenda mfuko wa simu, ukaganda.

"Nitampigia nani?"

"Ungekuwa naye, ungemwambia nini?"

Akaongea akitazama kioo cha mbele. Akamwomba radhi kwamba wengine ndio walioshika jeneza. Alilia kwa sauti. Gari la nyuma likapiga honi. Akajifuta kwa kiganja, akaingiza gia, tukasogea.

Amerudi kazini, lakini ni Makambako na Njombe tu. Tunduma amekataa, nami simsukumi. Bado kuna asubuhi anashindwa kuinuka, na siku hizo huniambia bila aibu. Ijumaa huenda kuswali.

Juzi alinieleza kwamba nguo za mkewe bado zimetundikwa chumbani. Nikamuuliza ni ipi anayoiona kwanza akiamka.

"Sweta la kijani," akasema, akavuta kiti karibu. "Alilifuma mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Ngoja nikueleze ilikuwaje."