Sauti ya Bi Shemsa Nyuma ya Gari

Mtaani kwao Ng'ambo, hapana aliyekuwa hajui saa ambayo Pandu karudi kazini. Gari yake, Noah ya kijivu aliyochukulia wageni baina ya uwanja wa ndege na mahoteli ya Uroa, haikuwa ikiingia uani ila kwa rivasi, na mkewe, Bi Shemsa, ilimlazimu atoke nje kumwelekeza. "Njoo... njoo... kata kulia... njoo... basi!" Mtaa mzima unasikia.

Bi Shemsa hakuipenda kazi ile.

"Watu wote wanaingiza gari kichwa mbele, wanazima, wanashuka," alikuwa akimwambia. "Wewe lazima niepue chungu nije nikusimamie. Tena buti unaliegemeza ukutani. Gunia la mkaa lililomo nnalitolea wapi?"

"Mama Nasima, asubuhi uchochoro umejaa watoto wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Nikitoka nataka niwaone mbele yangu, siyo kwenye kioo. Kama ni kurudi nyuma, nrudi sasa hivi, hapana mtu."

"Na mimi si mtu?"

"Wewe una mdomo, utapiga kelele."

Wakabishana hivyo miaka nenda miaka rudi, na kila jioni chungu kikaepuliwa.

Kisha sukari ikamzidi Bi Shemsa. Miguu ilimvimba mpaka kusimama kukawa tabu, na mtoto wao, Nasima, akawa anakuja kutoka Fumba kumwosha na kumlisha wakati baba yake yuko kazini. Pandu akamhamishia kitanda chumba cha uani, chini ya dirisha. Jioni ya mwanzo alitaka kuiacha gari njiani asimsumbue. Bi Shemsa akamwita kutoka ndani.

"Unaiacha nje kwa nini, mimi nshakufa? Irudishe, nnakuona kutoka hapa."

Akairudisha. Sauti ikamwongoza vile vile, ila sasa nyembamba, inapita baina ya nondo za dirisha.

Siku moja, gari imefika nusu ya mlango wa ua, paka akakatiza nyuma. Pandu akakanyaga breki, akangoja apite. Injini inanguruma, magurudumu hayajasogea hata shubiri. Kule ndani sauti ikaendelea: "Njoo... njoo... kata kulia... njoo... basi! Hapo hapo."

Pandu akageuka kulitazama dirisha. Bi Shemsa alikuwa amekaa kitako, uso kaukabilisha nje, macho wazi, anatabasamu kama mtu aliyeimaliza kazi yake vizuri. Pandu akaelewa. Akazima gari pale pale, nusu uani nusu njiani, akashuka.

"Ahsante, Mama Nasima," alisema alipoingia.

"Imekaa vizuri leo?"

"Imekaa barabara."

Hakumwambia kitu. Tangu siku ile akawa anajipimia mwenyewe kwa kioo, pole pole, lakini hasimami mpaka asikie ile "basi".

Bi Shemsa alifariki asubuhi ya Ijumaa, wakamzika baada ya sala. Matanga yalipokwisha, Pandu akarudi kazini, na jioni akaingia uani kwa rivasi kama ada. Ukuta aliuona kwenye kioo. Aliuona unakaribia. Mguu ukangoja. Gari ikaupiga ukuta, taa ya nyuma ikamwagika vipande vipande.

Jirani yao, Bi Zahabiya, akatoka mbio.

"Pandu! Hukuuona ukuta?"

"Nliuona, Bi Zahabiya."

"Basi kesho nitakusimamia mie."

"Ahsante, dada yangu. Hapana haja."

Tokea hapo akawa anaingia kichwa mbele. Asubuhi hutoka kinyumenyume uchochoroni, anasogea kidogo, anasimama, anashuka kutazama nyuma kama pana mtoto, anapanda tena. Wageni wa ndege za mapema wakachukuliwa na madereva wengine.

Nasima alipokuja kumtazama, aliiona gari akashangaa.

"Baba, umekuwaje? Wewe na kichwa mbele?"

Pandu akamhadithia: paka, breki, na sauti iliyosema "basi" na gari imesimama. Nasima akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Nlikuwa najua, baba. Macho yalimzimika kabla ya Ramadhani. Alinikataza nisikwambie. Alisema ukijua, hutotaka tena akuelekeze."

Pandu akaigeukia ile gari.

"Na mimi nlimficha kama najua," alisema.

"Twende ukae kwangu Fumba, baba. Hapa peke yako hapakufai."

Walikaa kibarazani, kila mmoja akitazama kwake, mpaka ilipoadhiniwa alasiri. Pandu akasimama, akatawadha, akaenda msikitini.