Magurudumu Madogo Hadi Mtae

Mimi ni mtu wa kubishana, na baiskeli yangu ya kukunja imenipa mabishano ya kunitosha mpaka uzeeni. Niliipata sokoni Moshi, mtumba kutoka Japani. Magurudumu yake ni madogo kama sinia la chai, na katikati ya mwili wake kuna bawaba kama ya mlango. Ukiikunja inaingia chini ya meza yangu ya cherehani na bado miguu yangu inapata nafasi. Majirani huniuliza kama nimemnyang'anya mjukuu wangu. Nimekwenda nayo Arusha, nimekwenda nayo Korogwe, nimeshuka nayo mpaka Pangani nikaiosha chumvi, na bado nikiitoa nje mtu ataniuliza, "Itafika hiyo?" Siku hizi sijibu, nakanyaga tu.

Magurudumu madogo yana tabia yake. Kila shimo linakuja mpaka kwenye meno. Mteremko hauwezi kukutia kiburi, kwa sababu ukikimbia sana usukani unaanza kutetemeka. Kwa hiyo unakwenda polepole, na ukienda polepole huna njia ya kukwepa kuona, wala ya kukwepa kusalimia.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya kwenda Mtae, kwa mama mdogo. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, na mdogo wake huyo ndiye aliyenilea, kule juu kabisa ambako milima ya Usambara inakatika ghafla na chini unaiona nyika yote mpaka macho yachoke. Maisha yake yote, akitoka shamba, alikuwa anapitia ukingoni kwanza. Anasimama kidogo na jembe begani, anatazama, halafu anarudi nyumbani kubandika sufuria. Sisi watoto tuliona ni kawaida, kama kunawa mikono.

Halafu akateleza shambani, akavunjika nyonga, nayo ikapona vibaya. Tangu hapo hutembea kwa fimbo kutoka kitandani mpaka kibarazani, anakaa kwenye kigoda chake, basi. Ukingo uko nyuma ya nyumba, mwendo wa kwenda kuazima chumvi, lakini kijia chake ni cha mawe na ngazi za mawe, na hakuufikia tena. Vijana wa bodaboda walijitolea kumpakia, ila mguu wake haunyanyuki kupanda pikipiki. Wanaume wa jirani wakasema watambeba kwa machela, kama wagonjwa wa milimani wanavyobebwa mpaka barabarani. Akawakatalia mbele ya mchungaji.

"Machela nitapanda siku ambayo siwezi kukataa," alisema.

Ndipo akanipigia simu. "Mwanangu, njoo usimame pale ukingoni, halafu urudi kibarazani unisimulie. Nina hamu ya nyika mpaka naiota. Lakini usije na basi. Mtu wa basi analala njiani. Nataka mtu aliyeiona njia yote."

Nikamaliza sare za shule zilizokuwa mezani, nikafunga cherehani, nikafunga begi kwenye keria ya baiskeli, nikaondoka.

Njia ya kutoka Same inapita chini ya milima, nayo iko mkono wako wa kushoto kutwa nzima. Nimeipita barabara ile mara nyingi, lakini siku zote nikiwa dirishani, basi linakimbia na video inapiga kelele. Safari hii nilikuwa nakanyaga kwenye joto la nyika, katikati ya mikonge na miiba, na ule ukuta ulikuwa unakua taratibu pembeni yangu. Kabla sijafika Mazinde nikainua uso, nikaona juu kabisa kitu kinametameta. Yalikuwa mabati ya Mtae. Nikashuka kwenye baiskeli bila kujua kwamba nimeshuka.

Nimekulia pale juu. Nimecheza rede hatua chache kutoka kwenye ule mwamba. Sikuwahi kujua kwamba tunaishi mahali pa namna ile, kwamba moshi wa jiko letu ulikuwa unapanda kutoka kwenye ukuta ambao mtu wa chini anatazama mpaka shingo inauma. Mwili ulinisisimka wote. Kusema kweli niliogopa kidogo.

Nikampigia. "Shikamoo mama! Niko chini yako hapa, barabarani!"

"Uko chini?"

"Chini kabisa. Naona mabati. Nakupungia mkono!"

Na kweli nilikuwa nimeunyoosha mkono juu, nampungia mwamba mtupu, lori likinipita na kunipigia honi.

"Ningekuwa ukingoni ningekuona," akasema. Mtandao ukakatika hapo hapo.

Nilijaribu tena na tena, simu haikwenda. Na shikamoo yangu ilikuwa haijaitikiwa. Kwa watu wa mijini labda hilo si neno. Kwetu milimani shikamoo haiachwi ikining'inia. Mzee ataiitikia hata kama ana chakula mdomoni, hata kama amekununia tangu msimu wa mahindi uliopita. Nikaendelea na safari, nikanywa chai Mazinde, nikafika Mombo, na lile jambo lilikuwa linanisumbua kama kijiwe ndani ya kiatu.

Kutoka Mombo barabara inageuka na kuanza kupanda, na pale ubishi wangu ulinyamaza. Kona baada ya kona, mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, na maji yanasikika chini huyaoni. Nilikanyaga nilipoweza, nikasukuma nilipochoka, na nilisukuma sana. Wazee walikuwa wanashuka na mizigo ya majani ya ng'ombe kichwani, na huwezi kumpita mzee mwenye mzigo kama unapita nguzo ya umeme. Nasimama, nashika breki, natoa shikamoo, naulizwa natoka wapi, kwetu ni wapi, kwa nani. Nikijibu kwa Kishambaa wanacheka kwa furaha, halafu wanaitazama baiskeli na kucheka upya. Nilianza kupanda nikiwa nimelowa jasho, na nilipofika Soni nikawa natafuta sweta. Mlima ule unakuhamisha kutoka nchi moja hadi nyingine, nawe bado unahema pumzi ile ile.

Lushoto nilikuta manyunyu. Nikaikunja baiskeli, nikaisimamisha kwenye kibaraza cha mgahawa karibu na stendi, nikaifunika kanga, magurudumu mawili madogo yakawa yamechungulia chini. Mezani pangu akaja kukaa mzee mwenye kofia ya kufumwa, anasubiri gari la kwenda Mtae. Tukasalimiana. Nikamwambia nakwenda kwa mama mdogo wangu, yule aliyevunjika nyonga, hawezi kutembea, ana hamu ya kuiona nyika. Kumbe anamfahamu, mashamba yao yanapakana. Akanitazama. Akakitazama kile kitu chini ya kanga, magurudumu yake madogo, muda mrefu.

"Mungu akubariki, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. Akamaliza chai yake akaenda kupanda gari.

Nikajisemea, hatimaye nimepata mtu mmoja nchi nzima asiyecheka baiskeli yangu.

Baada ya Lushoto lami inakuaga. Unapita msitu wa Magamba, wenye giza la kijani na baridi ya ndani ya mtungi, na mimi niliupita nimefunga mdomo, kwa sababu niliona kuongea ni utovu wa adabu. Kisha msitu unafunguka na unaona migongo ya milima imepangana mpaka mbali, kila mmoja umelimwa mpaka utosini: karoti, kabichi, viazi, vijumba vyekundu vimeng'ang'ania. Nilisimama kila mara. Nilikuwa najiambia nimechoka, lakini haikuwa uchovu. Nilikuwa nashangaa kwamba watu walikaa wakaamua kulima pale, wakapandisha mbegu, mabati, kengele ya kanisa, vipaza sauti vya msikiti, vyote kwa kichwa na mabega.

Njia ni ndefu na ni mbovu. Nikalazwa na familia ya wakulima wa kabichi waliokataa katakata nitafute gesti. Na kuanzia Lukozi kuendelea mbele, jambo la ajabu likaanza. Watu nisiowajua walikuwa wananisalimia kama mtu waliyekuwa wanamsubiri. "Ndiyo wewe wa Mtae? Pole na safari. Ahsante sana." Ahsante ya nini? Nikadhani watu wa kwetu wamezidi ukarimu tangu nilipoondoka.

Nilipoikaribia nyumba ya mama mdogo nikaona watu. Wengi, wanaume na wanawake, wamejaa uani. Kwetu watu hawajai uani kwa mtu mchana wa siku ya kazi bila msiba. Nikaiacha njia, nikakatisha kwenye maharage ya watu na baiskeli yangu mkononi, nasema mama, mama, mama.

Alikuwa amekaa kibarazani kwenye kigoda chake, fimbo magotini, anapepea inzi.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu. Mbona unalia? Nani amekufa?"

Ndipo nikaona kwamba wale watu wana majembe na sururu, na matope mpaka magotini. Mwenyekiti wa kitongoji akanisogelea na kunishika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akasema yule mzee wa kofia ya kufumwa alirudi na habari kwamba binti wa mama anamletea kiti cha magurudumu, amekiona kwa macho yake Lushoto, kimefunikwa kanga. Wakakaa wakaona kiti hakiwezi kupita kwenye mawe. Basi kukapigwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu. Walikuwa wameng'oa mawe ya kijia chote. Ngazi wamezijaza udongo, wakaushindilia. Kijia cha ukingoni kilikuwa kipana kama barabara, chekundu, kimesawazishwa, kinakwenda nyuma ya nyumba mpaka angani.

"Sasa," akasema mwenyekiti, "kiti chenyewe kiko wapi?"

Sijawahi kutaka ardhi inimeze kama siku ile. Nilikuwa nimeshika usukani wa baiskeli ya kukunja, mtumba, yenye matope. Yule mzee wa kofia alikuwa amesimama pale na jembe, akaitazama, akayatambua magurudumu, na nikaona uso wake unaelewa polepole. Akavua kofia. Hakuna aliyecheka. Ningeshukuru kama wangecheka.

"Mama," nikasema, "ni baiskeli tu."

"Ilete hapa," akasema mama mdogo.

Nikaisukuma mpaka kibarazani. Akaweka kiganja chake juu ya keria, pale nyuma ninapofunga begi. Akakitoa, akakiweka kwenye kigoda alichokalia. Akakirudisha kwenye keria. Baiskeli ya kawaida, keria yake ingemfika kiunoni. Hii, kwa sababu ya yale magurudumu yanayochekesha mtaa mzima kule Moshi, ilikuwa sawasawa na kigoda chake.

"Toa begi," akaniambia. "Na hizo kanga zikunje, chuma ni baridi."

Akasimama kwa fimbo, akajigeuza, akakaa upande, miguu yote pamoja, kama walivyokuwa wakipakiwa wasichana wa zamani. Hakunyanyua mguu hata kidogo. Akapanga gauni lake. Halafu akawatazama wale watu wote na majembe yao. "Haya, mmelima njia ya nini kama hamtanisindikiza?"

Nilishika usukani. Mzee wa kofia akamshika mkono upande mmoja, mama mmoja wa kwaya upande mwingine, na wengine nyuma. Ulikuwa mwendo wa polepole sana. Magurudumu yalizama kidogo kwenye ule udongo mpya. Mtu akianza kutoa maelekezo ananyamazishwa. Tukapita migomba, tukapita banda la mbuzi, kisha hakukuwa na kitu mbele yetu ila hewa.

Nyika yote ilikuwa pale. Mawingu yalikuwa chini yetu, na vivuli vyake vilitembea juu ya nchi kama ng'ombe wanaojichunga wenyewe. Nilikuwa nimeikanyaga nchi ile kwa siku nzima na kutoka juu ilionekana na urefu wa unyayo tu. Nilijiona mdogo sana, na sikuona vibaya.

Mama mdogo aliitazama kutoka pembe hadi pembe. Kisha akauliza, "Barabara ni ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu, kwa sababu mikono ilikuwa kwenye breki. Ule uzi pale, unaopita penye weupe wa mchanga.

"Na uliponipigia simu?"

"Pale inapopinda kidogo, mama. Kabla ya ile miti."

Akapatafuta kwa macho mpaka akapapata. Akanyoosha mkono, akapapungia, taratibu, mpaka kiganja kikatulia hewani.

"Marahaba, mwanangu," akaiambia ile kona ya barabara.

Nilikuwa nimezikamata breki zote mbili kwa nguvu zangu zote, na machozi yakanishuka mpaka shingoni, maana sikuwa na mkono wa kuyafuta.