Chinduli Niliyemfuta

Siku yangu ya kwanza kazini, Afisa Kilimo wa kituo cha Kitangari alinikabidhi vitu vitatu: rejista ya wakulima, rula ya mbao, na ndoo ya maji iliyojaa nusu. Alikuwa mzee mnene, mpole, penseli haimtoki sikioni.

"Rejista itunze," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Rula usiipoteze. Na hayo maji ni ya wiki nzima."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Mimi nilitoka Masasi, nyumbani kwetu kisima kiko nyuma ya jiko, nikadhani ananitania. Kufika Alhamisi nilikuwa kwenye foleni ya maji na wanawake wa Kitangari, kanga kichwani, ndoo miguuni, na cheti changu cha kilimo hakikunisogeza mbele hata hatua moja.

Ninyi vijana wa ugani mnapiga picha ya jani na kuituma kwa simu, jibu linarudi kabla hamjashuka kwenye pikipiki. Sisi tulitembea. Adui yetu mkubwa alikuwa ubwiriunga, ugonjwa unaovamia maua ya mkorosho na kuyafunika kwa unga mweupe, kisha maua yanakauka na kuwa meusi, na mkulima anakosa korosho mwaka mzima. Dawa yake ilikuwa salfa, unga wa manjano tuliopuliza kwa mashine ya kubeba mgongoni. Ilibidi ipulizwe alfajiri, umande ukingali juu ya maua, la sivyo unga haushiki. Nguo zangu zilinuka salfa hata Jumapili kanisani, na mume wangu alizoea.

Lakini kabla ya salfa kulikuwa na majina, maana mgawo ulitolewa kwa mujibu wa rejista. Hapo ndipo yule mzee wa Kitangari alinifunza kazi kwelikweli. Katika rejista yake alikuwa amechora safu moja kwa mkono, pembeni, ambayo haikuchapishwa na serikali. Juu yake aliandika "Mama".

"Huku juu mlimani mtu ni wa kwa mama yake," alisema. "Hamisi utawapata tisa. Ukijua mama, umempata mmoja."

Mimi ni Myao, sikuhitaji kuelezwa sana. Hata kwetu mjomba akifa, mpwa wake, yaani mtoto wa dada yake, hukalishwa mkekani siku ya arobaini na kurithishwa jina la marehemu. Kuanzia siku ile lile jina lake la zamani linakoma, na kumwita kwalo ni kumvunjia heshima. Nilikuwa najua yote haya tangu utoto, na ndiyo maana yaliyofuata hayana kisingizio.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Chilangala. Ilikuwa kipindi cha ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Wanunuzi binafsi walikuwa wanapanda na malori yao, na watu walikuwa wanarudi kwenye mahame, yale mashamba ya zamani waliyoyaacha walipohamishiwa vijijini. Mikorosho iliyosahaulika msituni ikaanza kupogolewa. Mradi mpya ukaleta salfa, na pamoja nayo fomu mpya iliyopigwa chapa vizuri. Ilikuwa na nafasi ya jina na idadi ya miti. Safu ya mama haikuwamo.

Afisa Kilimo wa Wilaya alikuja mwenyewe kutoka Newala kuhakiki orodha. Alikuwa kijana wa Kanda ya Ziwa, mkali, mchapakazi, suruali imepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. "Mama Neema," aliniambia mbele ya mkutano wa kijiji, "jina moja, mtu mmoja. Mradi hauleti salfa kwa marehemu."

Nikaanza kuita majina. Nilipofika "Saidi Ali" hakuna aliyeitika. Saidi Ali alikuwa ameketi safu ya mbele akinitazama. Miezi miwili kabla alikuwa amerithishwa jina la mjomba wake, Chinduli, kwa hiyo hakukuwa na Saidi tena wa kuitika. Afisa akasema, "Futa." Nikafuta. Mistari michache chini nikakuta jina "Chinduli".

"Huyu yupo?" Afisa akauliza kabla sijaliita, kidole kwenye karatasi.

Mzee Chinduli nilikuwa nimemzika kwa mikono yangu, kwa maana kwamba nilikwenda na kupika msibani. "Alifariki," nikajibu. Afisa akanitazama tu, nami nikaweka rula na kupiga mstari.

Ningeweza kusema neno moja. Sikusema, kwa sababu nilitaka yule kijana anione msomi, siyo mwanamke wa mambo ya mikekani. Hivyo mtu mzima, mzima wa afya, akapoteza majina yote mawili asubuhi moja, nami nikafunga rejista na kwenda kula ugali.

Siku ya mgawo alipanga foleni na wenzake, akafika mezani, nikamwambia jina lake halipo. Hakugomba. Aliinama kidogo, akaondoka na gunia lake tupu begani. Kesho yake akaja mama yake, Bi Somoe, dada wa marehemu Chinduli. Alikuja kwa mkongojo mpaka ofisini, akakataa kiti.

"Mwanangu, nimeambiwa umefuta jina letu. Basi nikutajie, unionyeshe uliyemfuta. Chinduli wa kwanza alipanda huku juu kutoka Ruvuma na mkewe na jembe lisilo na mpini, akafyeka pale kwetu. Wa pili, mpwa wake, alibebeshwa mizigo na Wajerumani katika vita yao, akarudi hana vidole viwili vya mguu. Wa tatu kaka yangu, aliyepanda mikorosho. Tulipohamishwa alikuwa anatoroka kijijini kwenda kuipalilia. Wa nne nimemzaa mwenyewe, na tangu arobaini namwita kaka. Haya, ni yupi?"

Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yanawaka moto.

"Mikorosho imeanza kutoa maua," akaongeza kwa upole. Upole ule uliniumiza kuliko kama angenitukana.

Salfa ya mgawo ilikuwa imekwisha. Iliyobaki ilikuwa mifuko miwili ya shamba la mfano, miti kumi na miwili kando ya barabara, tuliyokuwa tukiitunza ili wageni wa mradi waje waone. Alfajiri ya siku iliyofuata nilibeba mifuko ile na mashine mpaka kwenye mahame ya akina Chinduli. Nilimkuta mwenyewe anapalilia.

"Mama Shamba, ukitumia hii hapa, maua yako yataungua," alisema.

"Yaungue."

"Watakufukuza kazi."

"Basi nitakuja kukuokotea korosho."

Akacheka. Tukapokezana mashine mpaka jua lilipokausha umande, na alfajiri nyingine tukarudia mpaka mifuko ikaisha.

Afisa wa Wilaya alipokuja kukagua, alisimama barabarani akatazama maua meusi ya miti yangu kumi na miwili.

"Hili ndilo shamba la mfano?"

"Ndiyo, bwana."

"Mfano wa nini?"

Nikamwambia apande gari twende. Nilimpeleka kwenye mahame, nikamwonyesha mikorosho iliyoinama kwa mabibo, nikamsimulia yote, na nilivyonyamaza siku ya mkutano nikasimulia pia. Bi Somoe alikuwepo. Afisa akamwomba amtajie tena wale wanne, akasikiliza mpaka mwisho amesimama juani na suruali yake ya pasi.

"Mimi nina jina la babu yangu," akasema taratibu. "Bibi alikuwa ananiita mume wangu mbele ya wenzangu wa shule. Nilikuwa naona haya kwenda kwake." Kisha akanigeukia. "Una rula?"

Nilitoa ile rula ya mbao. Akaichukua fomu ya mradi, akaiweka juu ya boneti ya gari, akachora safu pembeni na kuandika "Mama". Msimu uliofuata fomu za wilaya nzima zilikuwa na safu ile. Barua ya onyo kuhusu salfa aliniandikia vilevile, nami niliistahili. Namshukuru kwa vyote viwili, maana bosi wa kukuadhibu na kukusikiliza kwa siku moja si rahisi kumpata.

Mimi nilimpelekea Bi Somoe kaunta buku jipya. Alinitajia, nikaandika wote wanne pamoja na mama zao, akalifunga kwenye kitambaa na kuliweka sandukuni.

Nilistaafu nikiwa Masasi. Niliaga vizuri, nikapewa baiskeli na maneno mazuri, nikaondoka na rula. Serikali ikiitaka ije kuidai. Nashukuru kwa miguu iliyonitembeza, kwa wanawake wa Kitangari walioniachia zamu kwenye foleni ya maji nilipokuwa mjamzito, na kwa watu walionikosoa bila kunidhalilisha.

Mwaka jana Chinduli wa nne alifariki. Nilialikwa arobaini. Mpwa wake, fundi pikipiki, alikalishwa mkekani, akafunikwa shuka jeupe, akaitwa kwa jina. Bi Somoe alishatangulia zamani, kwa hiyo binti yake, Zainabu, ndiye aliyeleta kaunta buku. Alilifungua, akaniwekea mapajani pamoja na kalamu.

"Mama Neema, wewe ndiye uliyemfuta," alisema. "Mwandike."

Watu walicheka, mimi nikalia. Niliandika Chinduli. Kisha nikauliza kwa sauti, ingawa mama huyo mwenyewe ameketi mbele yangu, "Mama yake nani?"

"Zainabu binti Somoe!" ukoo mzima ukaitika.

Nikaandika. Nikatoa rula mkobani, nikapiga mstari chini ya jina.