Honi ya Sauti Nne

Haya, nitasimulia, lakini mkicheka mcheke kwa adabu, maana aibu yenyewe ni yangu na sijaimaliza mpaka leo. Nikipita soko la Nyamira kuna wazee wazima, watu wa ndevu na wajukuu, wakiniona tu wanaanza kunililia kama watoto wachanga, "Nyaa! Nyaa!", halafu wanashikana mabega kwa kicheko, na mimi napita nikijifanya naangalia bei ya ndizi. Haikuwa pombe (mimi sinywi), haikuwa wizi, haikuwa mwanamke wa mtu. Ilikuwa honi ya baiskeli.

Siku hizi vijana wana baiskeli za umeme, wanashinda kwenye simu wakichagua taa gani waweke na kioo gani na king'ora gani, na mimi nawatazama hivi nasema moyoni, jamani, mngejua. Mimi nilikuwa na baiskeli ya umeme miaka ya tisini, hapahapa Kisii. Haikupanda mlima yenyewe, hapana, hiyo kazi ilikuwa ya mapaja yangu, lakini betri ilikuwa nazo.

Wakati huo nilikuwa nauza mjini vinyago vya mawe laini yanayochimbwa Tabaka, viboko, ndovu na vile visahani vya sabuni ambavyo wazungu hupenda sijui kwa nini. Na nilikuwa na Kwamboka. Kwao ni mbele ya Nyamira, kwenye majani chai, na baba yake, Mzee Ombati, alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mtu wa maneno machache na yote ya mwisho. Kabla yangu kijana mmoja wa Keroka alikuja kumposa Kwamboka na ujumbe wake mzima, watu wa heshima kabisa, ila yeye mwenyewe akafika na redio kaseti begani inaimba. Mzee akawaambia, "Kunyweni chai, muende." Wakanywa chai wakaenda, na hiyo ndiyo ikawa habari yao yote.

Kwa hivyo tulipopewa Jumapili yetu, Kwamboka alinishika mkono akaniambia, "Onchari, mimi nakujua. Baba hapendi mbwembwe. Njoo kama mtu." Nikasema sawa, na wallahi nilimaanisha sawa. Shida ni kwamba Ijumaa niliingia dukani kwa Kanti kununua mipira ya breki.

Kanti alikuwa Mhindi wa spea za baiskeli, duka la baba yake na la babu yake, na mipira yangu ya breki ilikuwa imeisha mpaka chuma kinagusana na chuma. Akaniwekea mipira mipya mezani. Na hapo kando yake, ndani ya kioo, ikiwa imelala kwenye boksi lake kama bibi harusi, nikaona honi. Nyekundu, ina vitufe vinne, waya mrefu, na kasha la betri la kufunga chini ya kiti. Kanti akabonyeza cha kwanza, king'ora cha polisi. Cha pili, jogoo. Cha tatu, mtoto mchanga analia (hiki nilicheka mpaka nikashika meza). Cha nne, muziki. Pesa yangu ilitosha kitu kimoja, honi au breki, na bado nilikuwa nimeshachukua mto wa keria, laini, wa Kwamboka kukalia siku za usoni, pamoja na zile kamba za plastiki za rangi rangi zinazoning'inia kwenye usukani.

"Kijana," Kanti akasema, "hii Kisii iko mlima tupu. Kwanza breki."

Nikamwambia breki haionekani. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo wangu huu. Ukifika kwa wakwe, nani atainama kuangalia breki? Kanti akanitazama, akarudisha mipira kwenye droo, akanifungia honi.

Jumapili wazee wetu wakapanda gari: baba, baba mdogo, na Shangazi Bosibori ambaye ndiye alikuwa msemaji wetu, mama wa sauti nzuri anayeweza kumsifu mtu mpaka mwenyewe akashangaa ni nani huyo. Mimi nikasema nitakuja na baiskeli. Shangazi akaniangalia, akaangalia zile kamba. "Usichelewe," akasema tu.

Nikachelewa, kwa sababu mvua ilininyea baada ya Nyamira, na nilipoingia barabara ya udongo, majani chai huku na huku, matope yalikuwa yameanza kuteleza. Kwenye mteremko nikaona mbele yangu mama mmoja katikati ya njia, mwavuli juu, kikapu mkononi, anatembea haraka haraka. Breki nikakamata, ikatoa ule mlio wa chuma, baiskeli ikaendelea. Basi nikabonyeza kitufe cha kwanza. Polisi! Yule mama alirukia mtaroni bila hata kugeuka, mwavuli ukaenda upande wake na mikate ikaenda kwenye majani chai.

Nilisimama kwa soli za viatu vya kuazima, nikarudi mbio nikiomba msamaha. Alikuwa amekaa mtaroni ameshika kifundo cha mguu.

"Polisi gani wanapanda baiskeli?" akaniuliza.

"Nisamehe, mama. Ni honi tu."

"Honi! Hukuona kengele dukani?"

Nikamshika mikono miwili nikamvuta, nikamfuta matope mabegani, nikaokota mikate, na mguu wake ukakataa kukanyaga chini. Sasa ningefanyaje, nimwache hapo? Akasema kwake ni mbele kidogo, na mimi naenda mbele. Nikamkalisha kwenye keria, juu ya mto mpya wa Kwamboka, kikapu kwenye mapaja, tukaenda polepole, na kusema kweli tukapatana sana, kwa sababu alikuwa mama mcheshi.

"Nimekawia," akasema. "Nina wageni wa msichana wangu. Wameshanipita na gari, na sukari yao ya chai ndiyo hii nimebeba mimi."

"Hongera, mama," nikasema. (Msinicheke. Ilikuwa Desemba, na Desemba kila boma la pili lina wageni wa msichana.)

"Kijana mwenyewe sijamwona bado. Wanasema anauza viboko vya mawe."

Viboko vya mawe ni mimi. Wale ambao si wa kwetu niwaeleze: kwetu Gusii kati ya mkwe na mama mkwe kuna haya kubwa, tunaiita ensoni. Humpi mkono. Humtazami usoni. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Hamli meza moja. Na mimi nilikuwa nimemshika mikono, nimemfuta mabega, nimemkalisha kwenye keria yangu. Nikafikiria kusimama, nishuke, nitoroke, mtu mwingine aje amchukue, na hapo ndipo barabara ikaanza kuteremka.

Nikakamata breki. Chuma na chuma. Soli zikateleza kwenye matope. Mwendo ukaongezeka, na yule mama, Mungu anisamehe, akazungusha mikono yote miwili kiunoni mwangu akanikumbatia kwa nguvu za kuokoa maisha. Na maji ya mvua, ambayo yalikuwa yanaingia kwenye kasha la betri muda wote huo kimya kimya, yakachagua dakika ile ile. Sikugusa kitu, nawaapia. Honi ikaanza yenyewe, kitufe cha tatu.

"Nyaa! Nyaa! Nyaa!"

"Mtoto!" mama akapiga kelele nyuma yangu. "Umebeba mtoto wapi?"

Chini ya mteremko kulikuwa na lango, limefunguliwa wazi kwa ajili ya wageni. Tuliingia. Shangazi Bosibori alikuwa amesimama mbele ya wazee wote, mkono mmoja hewani, na mimi mwenyewe nilimsikia akisema, "Kijana wetu ni mtulivu, hana kelele," halafu tukapita kati yake na Mzee Ombati, kuku wakaruka, mtu akainua miguu, na rundo la majani ya ng'ombe likatusimamisha.

Honi ikaendelea kulia. Wanawake wakatoka jikoni mbio wakitafuta mtoto, mmoja na leso tayari ya kumfunika. Nikapiga kile kisanduku ngumi, kikalia zaidi. Kwamboka akatokea mlangoni. Akaniangalia, akaangalia mikono ya mama yake kiunoni mwangu, akaangalia zile kamba za rangi, akarudi ndani. Hapo ndipo niliposikia uchungu wa kweli, kwa sababu nilijua anaenda kulia, na kwamba mtu wa kumliza ni mimi.

Mzee Ombati akasimama taratibu. "Shangazi," akasema, "huyu ndiye?"

Shangazi Bosibori akateremsha ule mkono uliokuwa hewani. Baba yangu alikuwa anachungulia ndani ya kofia yake. Mama akaachia kiuno changu kidole kimoja kimoja. "Wewe ni nani?" akaninong'oneza.

"Onchari, mama. Wa viboko."

Akajifunika uso na leso.

"Basi," Mzee akasema. "Kunyweni chai, muende."

Mnajua, watu husema dunia ilipasuka, mimi nadhani wanatia chumvi, lakini nilisimama pale nimeshika usukani, nikiona Kwamboka akiolewa na mtu mwingine, mtulivu, mwenye breki. Na ndipo yule mama akashuka kwenye keria kwa mguu mmoja, akanigeuzia mgongo, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni:

"Waende wapi, na mkwe hajafika?"

Mzee akageuka. "Na huyu?"

"Huyu ni mtu wa boda boda. Mimi nimeumia mguu, nimebeba sukari yenu, nimepanda boda. Ni vibaya mtu kupanda boda?" Akawageukia wazee. "Mkwe wetu simjui, sijamwona. Akija, atakuja kwa miguu, kama mtu." Akafungua fundo la leso, akatoa sarafu, akaiweka juu ya kiti cha baiskeli bila kunitazama. "Nauli yako hiyo. Na uende na mtoto wako."

Mzee Ombati aliinamisha kichwa. Nilidhani anaomba. Halafu nikaona mabega yake yanatetemeka.

Nikaisukuma ile baiskeli nikatoka nayo langoni, inalia, nikapanda nayo mlima, inalia, mpaka nilipopita kona, nikang'oa nyaya zote kwa mikono, nikang'oa na zile kamba, nikaificha ndani ya majani chai. Nikarudi kwa miguu, nimelowa, viatu vya watu vimeisha soli. Nikasimama langoni nikapiga hodi.

"Karibu," Mzee akasema, uso mkavu kabisa. "Umechelewa."

"Nisamehe, mzee."

"Umekutana na mtu wa boda njiani?"

"Nimekutana naye, mzee."

"Ana kelele."

"Sana, mzee. Nimemwambia anunue breki."

Jikoni mtu alicheka, na kicheko hicho nakijua, ndicho ninachokisikia nyumbani kwangu mpaka leo. Chai ikaletwa, na sukari ilikuwa ya kutosha.

Honi sijanunua tena na sitanunua. Vijana wakiniuliza baiskeli ianzwe na nini, nawapeleka kwa mwana wa Kanti wakanunue breki, na kama pesa itabaki, wanunue breki nyingine. Mama mkwe ensoni yake ameilinda miaka yote hii, hajanitazama usoni hata harusini, ila akiwa na safari ya hospitali anamwambia Kwamboka, "Nitafutie yule mtu wa boda," na mimi naenda, namsubiri barabarani nimegeuza uso, anapanda, tunaenda kimya. Ile sarafu ninayo. Kwamboka hunicheka, ananiambia niitumie, lakini siwezi, maana ndiyo zawadi pekee mama mkwe aliyowahi kuniwekea kwa mkono wake, na hata hiyo hakunipa mimi.