Figo za Mbuzi wa Akika

Kabla ya kufika Mtongwe nilikuwa nimepakia saruji Changamwe, nikalinda duka Kisauni, nikachoka kote kuwili. Shule niliiacha darasa la sita, lakini kuuliza sijaacha. Mama mmoja mwenye ng'ombe wawili na mbuzi saba akanipa zizi lake nilitunze, na kwa mara ya kwanza nikatamani kukaa.

Kisha akaanza kuja daktari wa mifugo, mtu wa bara, rika langu. Mama akimwona hutandika mkeka na kumtilia chai ya maziwa niliyokamua mimi. Nilimwonea wivu hata viatu vyake. Alimdunga sindano ng'ombe aliyevimba kiwele, akatuandikia siku za kumwaga maziwa mpaka dawa imtoke. Akamdunga dawa nyingine mbuzi aliyekuwa akikohoa, akasema huyo tusimchinje kabla ya kumuuliza yeye.

Siku za ng'ombe zilipokwisha, Mama akataka kumchinja yule mbuzi Ijumaa, iwe akika, sadaka ya kuzaliwa kwa mjukuu wake wa kike. Akauliza kama tumpigie daktari. Nikamwambia hakuna haja: ikiwa dawa imemtoka ng'ombe mzima, mbuzi mdogo vile imemtoka zamani.

"Una hakika, mwanangu?"

"Nina hakika, Mama."

Hakuwa amewahi kuniuliza lolote zaidi ya majani. Nilitembea kama niliyevaa viatu vya yule bwana.

Alhamisi nikamsikia akimwambia bintiye, aliyekuwa bado ndani ya arubaini ya uzazi, kwamba figo zitachomwa mwanzo, ale yeye mzazi, kama ilivyo desturi ya nyumba yao. Kazi ya figo naijua: kuchuja damu na kutoa uchafu kwa mkojo. Basi na dawa si hupita humo humo? Nikaenda nyuma ya zizi, nikampigia daktari mimi mwenyewe.

Hakunicheka. Alisema ukubwa wa mnyama si kipimo. Figo za ng'ombe, mbuzi na nguruwe kila moja hutoa dawa kwa mwendo wake, na kila dawa ina tabia yake. Ile ya mbuzi wetu hutoka upesi kwenye damu, lakini hung'ang'ania ndani ya figo zenyewe muda mrefu, hata nyama ikiwa imesafika.

Nilirudi kwa Mama nikamwambia nilisema nisilolijua. Alinitazama sana, kisha akampigia daktari mbele yangu, spika ya simu ikiwa wazi.

"Chagua mbuzi ambaye hakudungwa," daktari akasema. "Na umshukuru huyo kijana wako. Wengine hawaulizi kabisa."

Mama akanishukuru, wallahi kwa moyo mweupe. Ijumaa nikamkamata mbuzi mwingine, na mzazi akala figo zake kwa amani. Daktari alikaribishwa, akakalishwa karibu na sheikh. Mimi nilikuwa nikipitisha maji ya kunawa. Nilipomfikia alinisogezea nafasi kwenye mkeka. Nikamwambia nina kazi. Laiti angenitangaza kwa ujinga wangu, ningekuwa na sababu ya kumchukia.