Bolti Alizozipitisha Fundi

Kwa miaka thelathini na moja Fundi alisifika kwa sikio lake. Kwenye makumbusho ya reli, vichwa vya treni vilivyoliwa na kutu vilifufuliwa na mikono ya wengi, lakini hakuna boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, iliyowashwa kabla yeye hajajipenyeza kwenye tanuri na nyundo yake ndogo, akagonga moja moja bolti zinazoshikilia kuta za boila. Bolti nzima hulia kama kengele. Iliyokatika hutoa mlio mfu, na zikikatika kadhaa, boila ikijaa mvuke hupasuka, hapo asibaki mtu wa kusimulia.

Juma lililopita aligonga zote za kichwa kilichofufuliwa karibuni, akamwambia mkuu wa makumbusho ziko salama. Ukweli ni kwamba hakusikia kitu. Masikio yalimtupa mkono tangu mwaka jana, naye, mkaidi kama punda, akajipa moyo kwamba mkono unatosha kuhisi mtetemo wa bolti. Nani anapenda kuitwa fundi wa zamani?

Sasa ilikuwa asubuhi ya safari ya kwanza ya kichwa hicho. Dereva alijaribu honi. Wageni wote wakaziba masikio, mtoto mmoja akaangua kilio. Fundi aliona tu mvuke mweupe ukiruka juu. Hata honi hakuisikia. Mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa umevuka nusu na bado unapanda, na binti yake, mkata tiketi, alishaanza kupandisha watu behewa la kwanza.

Aliogopa boila, akaogopa na aibu, na kwa kitambo kidogo hakujua ipi inamtisha zaidi. Kisha binti akampungia mkono kutoka mlangoni mwa behewa. Fundi akamfuata mkuu.

"Zima moto," alisema. "Mimi sisikii. Zile bolti sikusikia hata moja."

Mkuu alifoka, tena sana, maana midomo ilikwenda mbio. Hilo nalo Fundi hakulisikia, akashukuru. Watu wakateremshwa wakinung'unika.

Siku ya tatu, boila ilipopoa, binti aliomba nyundo. Waliingia wote wawili, magoti kwenye masizi, yeye akigonga, baba akimulika tochi na kumkazia macho usoni. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fundi alianza kujilaumu kwa kuwaharibia watu siku yao bure.

Kwenye safu ya nne binti alisita. Akarudia, akagonga na za jirani. Kisha akageuka, akasema polepole ili baba amsome midomo.

"Baba, hizi sita zote zimekatika."

Fundi aliigonga ya kwanza, kiganja kikiwa juu yake. Mkononi aliihisi nzima kabisa, kama juma lile.